Picha ya Kuendewa

Picha ya shabiki na mwigizaji anayempenda siku hizi huchukua sekunde chache tu. Unaitwa, unasogea, unasalimu, taa inamulika, unampisha mwingine. Anayetazama kwa mbali huona biashara tupu. Mimi niliyeanza kwenda kwenye matamasha ya mashabiki tangu enzi za kamera za filamu naona jingine. Kadiri muda wa mbele ya kamera ulivyopungua, ndivyo maandalizi yalivyozidi uzito, na ndani ya maandalizi hayo imerudi adabu niliyodhani imeshapotea.

Adabu hiyo naijua tangu utotoni Mombasa. Kwetu, miaka ya 1970, picha ilikuwa miadi. Studio kama ya N. V. Parekh, iliyokuwepo tangu miaka ya 1940, zilikuwa zimeshawazoesha watu wa mji kwamba picha huendewa, tena huendewa ukiwa nadhifu. Nguo zilipigwa pasi tangu usiku. Mama alitupaka mafuta mikononi na miguuni, lakini usoni alitupitishia ncha ya kanga kuyapunguza, kisha akatutia poda kidogo puani na kwenye paji la uso, kwa sababu taa ya studio ikikuta ngozi inang'aa huacha doa jeupe. Mpiga picha alitupanga kwa kimo, akatuinua kidevu kwa kidole, akatuomba tusipepese. Kila mtu pale, mwenye kamera na mwenye kupigwa, alikuwa amekuja kwa kazi hiyo moja.

Nilipohamia London miaka ya 1990 nilikuta ushabiki wa filamu za kisayansi una mila zake. Mfululizo wa televisheni wa Star Trek ndio uliofungua njia: mkutano mkubwa wa mashabiki wake ulifanyika New York Januari 1972, waandaaji wakitarajia mamia ya watu, wakamiminika zaidi ya 3,000. Lakini katika mikutano niliyoanza kuhudhuria mimi, picha ilikuwa nyongeza tu. Kilichofuatwa ni saini. Ulinunua picha ya mwigizaji iliyokwisha kuchapwa, akaitia saini mezani, na ukibahatika aliye nyuma yako kwenye foleni akakupiga kwa kikamera chako cha plastiki. Ukizitazama picha za siku zile, mwigizaji ameinama, kalamu mkononi, na shabiki amejipinda juu ya meza. Hakuna aliyekuwa tayari. Simu zenye kamera zilipoenea mambo yalizidi: watu waliwavizia waigizaji mlangoni mwa lifti, wakawazungushia mkono begani na kujipiga selfi bila simile.

Sisi weusi tulikuwa na shida ya ziada. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilipima mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa usoni mwake, kazi imekwisha. Miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka aina mbalimbali za rangi ya kahawia zionekane kwenye matangazo yao, na malalamiko yao yakachangia filamu kuboreshwa. Kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja miaka ya 1990. Ninayo picha ya zamani niliyopigwa na mwigizaji mzungu: yeye unaweza kuhesabu nywele za nyusi zake, mimi uso wangu ni kivuli, hujui kama nacheka au nimenuna. Hapo ndipo nilipojua kwamba kujiandaa kwangu kungelazimika kuanza na mwanga.

Kisha ikaja picha ya kulipia, yenye tiketi yake na saa yake. Ya kwanza niliyoitilia maanani ilikuwa Oktoba 2012, katika ukumbi wa ExCeL mashariki mwa London, kwenye tamasha la Star Trek lililowakutanisha waigizaji wa makapteni wote watano wa vipindi vya televisheni vya wakati huo. Niliyemfuata mimi ni Avery Brooks. Kuanzia 1993 hadi 1999 aliigiza Benjamin Sisko katika Deep Space Nine, akawa Mweusi wa kwanza kushika nafasi kuu katika mfululizo wa Star Trek. Sisko ni mgane anayemlea mwanawe Jake huku akiongoza kituo cha angani. Mama yetu alifariki nikiwa bado shuleni, na baba, mfanyakazi wa bandari ya Kilindini, akatulea mwenyewe: akapika, akatufulia, akatukagua madaftari. Kabla ya Sisko sikuwahi kumwona mwanamume mweusi kwenye televisheni akimkumbatia mwanawe jioni baada ya kazi, bila hotuba, kama jambo la kawaida. Kwangu lilikuwa la kawaida kweli, na ndiyo maana nilitaka kumshukuru.

Nilijiandaa kama nilivyofundishwa. Pazia la nyuma katika vyumba hivi kwa kawaida ni jeupe au la kijivu, kwa hiyo nilivaa kitenge cha buluu nzito chenye manjano, ambacho hakinimezi wala hakinichuji. Miwani huakisi taa, nikaivua na kuishika mkononi. Mafuta ya usoni niliyapunguza kwa ncha ya kanga, nikamalizia na poda, hesabu ileile ya mama. Mkoba nikauacha kwenye meza ya pembeni kama walivyotuelekeza. Na maneno nilikuwa nimeyapunguza mpaka yakabaki sentensi moja: baba yangu alitulea hivyohivyo, asante kwa kutuonyesha. Niliisema nikiwa namkaribia, akaniitikia kwa kichwa, tukageukia kamera. Taa kubwa za pande mbili zilitumulika sote wawili sawasawa. Picha ilichapwa palepale, inchi 8 kwa 10, na ndani yake nyuso zetu zote mbili zinasomeka.

Mwaka 2021, matamasha yaliporudi baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, baadhi ya vyumba vya picha viliweka ukuta wa plastiki angavu kati ya shabiki na mwigizaji. Mashabiki wakajifunza kujiandaa upya: wapi pa kusimama ili taa isirudishwe na plastiki, namna ya kuweka kiganja upande huu ili cha mwigizaji kikutane nacho upande wa pili. Ukuta ulipoondolewa, zoea moja zuri lilibaki, nalo ni kuomba kwanza. Leo anayetaka kukumbatiwa anauliza, na mwigizaji anayekataa haonekani ana maringo.

Bei zinaniuma, siwezi kuficha. Familia yenye watoto inaweza kumaliza akiba yake kwa majina mawili tu ya waigizaji, na waandaaji wanapaswa kulifikiria hilo. Lakini nikipima enzi za kuviziana kwenye lifti na enzi hizi za miadi, naichagua miadi. Mwigizaji naye ni mtu mwenye mwili wake na uchovu wake. Anapojua saa ya kuanza na saa ya kumaliza, anasimama mbele yako kwa hiari yake, na hiari hiyo huonekana kwenye picha.

Mpwa wangu naye sasa ni shabiki. Majuzi alinionyesha vazi la mhusika alilolishona mwenyewe na mapozi aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilimsifu, kwa kuwa kazi ile ilistahili, kisha nikamuuliza atamwambia nini huyo mtu. Akanyamaza, akaenda kuchukua kalamu. Kila kijana anayeniomba ushauri humwanzishia hapohapo. Nguo, poda na pozi huweza kutengenezwa usiku mmoja kabla ya safari. Sentensi moja ya kweli, fupi kiasi cha kutosha njia ya kutoka kwenye foleni hadi kwenye taa, haipatikani kwa kukurupuka, na hiyo ndiyo ya kuanza kuitafuta siku unayonunua tiketi.