Matairi ya Matope Juu ya Lami

Wiki ya pili sasa mimi na kaka yangu hatuelewani, na tunachogombania ni matairi. Msicheke. Matairi manne ya Land Rover yamefanya watoto wa mama mmoja wakatiane simu.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 aliyotuachia marehemu baba, ambaye alilima tumbaku upande wa Urambo. Linakaa kwangu hapa Tabora mjini kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu na mama. Kaka yuko Dar es Salaam. Yeye anatoa pesa, mimi naendesha. Siku za kazi nalitumia kufuatilia habari, siku nyingine nakwenda kijijini kumwona mama.

Kutoka mjini hadi Urambo ni lami, kama kilomita 90. Ukiiacha lami zinabaki kilomita 18 za udongo, na katika hizo kuna nne zinazopita mbugani. Simaanishi mbuga ya wanyama, ndugu zangu wa mjini. Huku mbuga ni lile bonde la udongo mweusi, mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa kiangazi kikija. Mwezi wa nane unapita kwa baiskeli huku unapiga mluzi. Mwezi wa pili ni habari nyingine kabisa.

Februari mwaka huu mama alipandwa na presha usiku. Nilimfuata alfajiri na gari likiwa na matairi ya kawaida ya barabarani, nikampakia, nikageuza. Katikati ya mbuga tukazama hadi ekseli. Tulikaa pale kwa muda wa saa sita, mama amelala nyuma kwenye godoro, mimi nachimba kwa jembe la kuazima. Aliyetutoa ni jirani mmoja aliyekuja na maksai wanne na mnyororo wa plau. Mama alifika hospitali, akatibiwa, yupo. Lakini kuna jambo moja alilolisema mle garini ambalo sitaliandika hapa, na sitalisahau.

Kaka alipiga simu jioni ile ile. "Mdogo wangu, tafuta matairi ya matope. Bei isiwe sababu." Nikatafuta. Mapya yalitushinda bei pamoja na maneno yake yote, nikanunua ya mtumba, meno makubwa kama matofali. Nilipoyafunga hata watoto wa mtaani walisimama kutazama. Nikiri kwamba na mimi nilijiona mtu.

Na matopeni yalifanya kazi, sitaki kuwa mwongo. Machi na Aprili nilivuka mbuga mara nne bila kushika beleshi. Siri yake ni yale mapengo kati ya meno. Tairi linapozunguka kwa kasi linarusha tope nje, na jino linauma tena udongo mpya. Ukienda kinyonge, ule mfinyanzi unajaza mapengo yote, tairi linakuwa duara laini kama tonge la ugali, na hapo meno yako na kipara cha jirani ni kitu kimoja. Kwa hiyo hata tairi la matope linataka dereva anayejua wakati wa kukanyaga mafuta.

Tatizo ni lami. Kwanza kelele. Ukifika mwendo wa 80 linavuma kama mzinga wa nyuki, simu hupokei, redio husikii. Pili linakula mafuta na lenyewe linaliwa na lami, meno yanaisha upande upande. Hayo nilivumilia.

Wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ilinyesha. Nilikuwa narudi kutoka Urambo, mwendo wa kawaida tu, lami inang'aa. Mbele yangu mzee mwenye baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma. Wanaoijua Tabora wanajua baiskeli zetu. Akayumba kukwepa dimbwi, akaingia katikati ya barabara. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea. Nasema likaendelea, kana kwamba sikugusa kitu. Liliteleza likapita ubavuni kwake, kioo changu cha pembeni kikagonga gunia, mzee akaanguka upande wa majani. Nilipomfikia alikuwa ameshaketi, anajipangusa mkaa usoni. Akaniambia, "Mwangaluka, baba." Mtu nimemkosakosa kumuua, ananisalimia! Nikamsaidia kuokota mkaa, mikono inanitetemeka hadi nikashindwa kufunga kamba ya gunia. Akaifunga yeye.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Akaniinamisha kwenye tairi, akanionyesha kitu ambacho ningepaswa kukitazama kabla ya kutoa pesa: tarakimu nne ubavuni, mwisho wa mstari wa herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Langu liliandikwa 1412. Wiki ya 14, mwaka 2012. Mpira ulishakuwa mgumu kama kwato. Na hata lingekuwa jipya, alisema fundi, juu ya lami kinachogusa ni yale matofali peke yake, na hayana mikato myembamba ya kutosha inayong'ang'ania barabara iliyolowa.

Nikachukua daftari langu la safari. Tangu Machi nimeendesha kilomita 9,400. Za tope la kweli hazifiki 40.

Jumapili nilikwenda Kwihara, kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, kwa kazi nyingine kabisa. Lakini mwenye jeraha haachi kulipapasa. Hii ndiyo njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, na Wanyamwezi walioibeba mabegani hawakuwa wajinga. Walipenda kuondoka baada ya mavuno, ardhi ikikauka, na kurudi kabla ya mvua ili wakalime. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika ndiyo yanaanza, na tambarare ya Makata ikamfundisha adabu. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1877. Njia na mbung'o viliwashinda, magari wakayaacha. Gurudumu halikufika Tabora kwa ushindi hadi reli, mwaka 1912.

Wapagazi walichagua majira. Presha ya mama haichagui.

Basi nimeamua. Nimenunua matairi mapya ya mchanganyiko, yale ya lami na vumbi, saizi ile ile ya kiwandani, 7.50 kwa rimu ya 16. Membamba, kwa sababu tope likiwa jepesi juu na ardhi ngumu chini, tairi jembamba linakata hadi chini. Nimeongeza minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, mabeleshi mawili, na pampu. Kabla ya mbuga nitapunguza upepo hadi 20 hivi, mwendo wa taratibu, maana ukikata kona kwa fujo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Nikifika lami najaza tena, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka na kupasuka. Ni usumbufu wa nusu saa kila upande, mikono na suruali matope matupu.

Kaka hakubali. "Wewe unaogopa baiskeli," alisema, "mimi naogopa msiba." Nikamwambia kwenye baiskeli pia kuna msiba, tofauti ni kwamba huo ungekuwa wa nyumba nyingine. Akakata simu.

Sina hakika kwamba nimeshinda hoja. Ndani ya mbuga iliyoshiba maji, matairi yangu mapya yatazidiwa na yale ya zamani, hilo fundi aliniambia bila kunificha. Minyororo nimeijaribu uani tu, kwenye udongo mkavu, na kuifunga kulinichukua dakika arobaini.

Jana mama alipiga. Anasema kwao imenyesha usiku kucha. Sikumwambia habari za yule mzee, ila kaka alikuwa ameshamwambia. Aliuliza jambo moja tu, kama baiskeli ilipona. Jumamosi naenda kumchukua kwa ajili ya kliniki yake. Nitaondoka saa kumi alfajiri.