Joshi na Demani katika Bahari Isiyopwa

Bahari hii haipwi. Ndilo jambo la kwanza lililonishangaza nilipofika Bodrum, pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki. Nilikaa gatini tangu asubuhi hadi alasiri nikingoja maji yaondoke, nayo hayakuondoka. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ambako saa ya kung'oa nanga, ya kuvua na ya kusugua chombo hupangwa na maji. Kwangu mimi, bahari inayosimama mahali pamoja mchana kutwa ni kama shairi lisilo na kituo. Wenyeji walinieleza kwamba maji yao hupanda na kushuka kwa kadiri ya shibiri, basi. Kwa hiyo bamvua na maji mafu ni maneno yasiyo na kazi huko. Gadi nazo hazina kazi, kwa sababu hakuna chombo kinachoachwa mkavu kikahitaji kuegemezwa. Jioni wao hutia nanga kwa omo, kisha huogelea na kamba hadi nchi kavu, wakaifunga tezi kwenye mwamba au shina la msonobari. Ukifanya hivyo kwetu, alfajiri utaamka umelala ubavu juu ya matope.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na wasomaji wa ukurasa huu wananijua zaidi kwa ubishi wangu wa mizani na vina. Wachache wanajua kwamba mapenzi yangu ya kwanza yalikuwa tanga. Mjomba wangu alikuwa na mashua iliyobeba nazi baina ya Pangani na Tanga, na kila likizo ya chuo cha ualimu niliimalizia ndani yake. Mwanangu, anayeishi Ujerumani, analijua hilo. Mwaka huu aliamua kunipa zawadi: siku saba za kusafiri kwa tanga katika Bahari ya Kati, mimi, yeye, na binti yake mwenye umri wa miaka 13. Tulikodi chombo cha futi 40 cha faiba, mlingoti mmoja na matanga mawili, pamoja na nahodha mwenyeji, mzee wa rika langu anayejua Kijerumani kidogo.

Nahodha huyo alinipokea kwa neno moja: "Merhaba!" Nilicheka, naye hakujua kwa nini. Malenga wenzangu mtaelewa: nilikuwa nimejibiwa marahaba kabla sijatoa shikamoo. Kwao ni salamu tu ya mtu na mwenziwe, bila ngazi ya umri. Mjukuu wangu akawa mkalimani, akipokea Kijerumani cha nahodha na kunifikishia kwa Kiingereza kilichochanganyika na vijineno vya Kiswahili, na kwa njia hiyo ndefu tukaanza mchezo ulioendelea juma zima. Watu wa gatini walimwita nahodha *reis*. Kwetu rais hukaa ikulu. Kwao hushika usukani. Mabaharia wake huitwa *tayfa*, neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi taifa. Na neno lao la taifa je? *Millet*, ambalo kwetu ni mila. Sisi watatu tuliokodi chombo tulikuwa kwake *misafir*, yaani wageni, ilhali nilidhani neno hilo linanieleza mimi ninayekwenda, si yeye anayepokea. Kiarabu kiliwapa watu wa pwani mbili mzigo mmoja, kila mmoja akaufungua kivyake. Hata bahari yenyewe: Mturuki huita maji haya *deniz*, lakini washairi wao wa kale waliotunga kwa kanuni za Kiarabu waliita mikondo ya mizani *bahir*, kama sisi tunavyosema bahari za ushairi.

Bodrum, niseme kwa haraka, ni mji wa watu wa kalamu. Ndiko Halicarnassus ya kale, alikozaliwa Herodoto. Na ndiko alikopelekwa uhamishoni mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı kwa sababu ya makala aliyoiandika gazetini. Walitaka kumwadhibu kwa kumtupa pwani. Akaipenda pwani hiyo, akajiita Mvuvi wa Halicarnassus, na baada ya kifungo kwisha akarudi mwenyewe kukaa. Safari za matanga zinazoitwa huko Safari ya Buluu zilipata umaarufu kwake na kwa marafiki zake.

Lakini lililonikamata zaidi lilikuwa ndani ya ngome ya mji, ambamo mna jumba la makumbusho ya mambo ya kale yaliyotolewa chini ya bahari. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aliona mabamba ya chuma cha ajabu kwenye sakafu ya bahari, karibu na rasi ya Uluburun, mashariki zaidi katika pwani hiyo. Kilikuwa chombo kilichozama miaka ipatayo 3,300 iliyopita. Kuanzia 1984 hadi 1994 wataalamu walizamia zaidi ya mara 22,000, kina cha mita 44 na zaidi, wakaipandisha shehena yake: tani kumi hivi za shaba, tani moja ya bati, vioo vya rangi ya buluu, meno ya kiboko, pembe ya ndovu. Na magogo madogo meusi. Magogo hayo yalipochunguzwa yalionekana kuwa mti ambao wanasayansi huuita *Dalbergia melanoxylon*.

Ndugu msomaji, huo ni mpingo.

Nasema mapema, asije mtu akaandika kwamba Wapangani waliiuzia Misri mbao: mti huu huota katika nchi nyingi za Afrika, na kufika huko kaskazini ni rahisi kudhani ulipitia Misri kutoka nchi za jirani yake. Kinachonishughulisha ni jina. Wamisri wa kale waliuandika kwa herufi zao *hbny*. Wagiriki wakasema *ebenos*, Waarabu *abnus*, nasi tukapokea abunusi, neno ambalo sasa huishi karibu katika mashairi peke yake. Nahodha alisema kwao ni *abanoz*. Mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama kimya, akasema: "Ebenholz." Kisha akauliza mimi ninauitaje. Nikamwambia ninayo majina mawili, moja la msafiri na moja la mwenyeji. Mpingo akalirudia mara tatu.

Katika chumba kilekile mna kibao kidogo cha mbao chenye kurasa mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya pembe, kama kitabu cha kukunja. Zamani kurasa hizo zilijazwa nta, na juu ya nta mtu akaandika. Nta imekwisha. Kibao kipo, bawaba ipo, maneno hayapo. Nilikaa mbele yake hata mwanangu akaja kuniita.

Hapa sina budi kusema lililokuwa baina yetu. Mtoto huyu hasemi Kiswahili. Alipokuwa mdogo, mwalimu wake mmoja huko aliwashauri wazazi kwamba lugha ya tatu ingemchelewesha, nao wakaifuata nasaha hiyo. Mimi, niliyetumia maisha yangu kuwafundisha watoto wa watu lugha hii, nilinyamaza miaka kumi. Haikuwa nyumba yangu.

Usiku wa tatu tulitia nanga Knidos, kwenye ncha ya rasi ya Datça, mji wa kale wenye bandari mbili zilizopakana na magofu. Mtoto alipolala nikamwuliza baba yake, kwa upole nilioweza, kama hakuona namna anavyoyadaka maneno. Akakaa kitambo. Kisha akanijibu, "Baba, Kiswahili gani nimpe? Mimi mwenyewe nusu kimenitoka. Nikisema naye naona haya, nasikia nasema kama mgeni." Nilitarajia anitetee ule ushauri wa mwalimu, na nilikuwa nimeuandalia hoja tangu Dar es Salaam. Kwa hilo sikuwa na hoja yoyote. Tulisikiliza kamba zikigonga mlingoti hadi tulipoingia kulala.

Siku tatu zilizofuata tulizurura pwani ya kusini ya rasi ile, sehemu ambayo wapenda kuogelea wataisifu kuliko mimi. Nilizitumia kumfundisha mtoto chombo. Omo, tezi, usukani, mlingoti. Henza, kamba ya kutwekea tanga. Demani, kamba inayolishika tanga pembe yake ya nyuma, na ndiyo maana upande wa demani ni ule upepo unakokwenda. Joshi, upande unakotoka. Alipenda kwamba kwa Kiswahili pande za chombo hufuata upepo.

Kurudi Bodrum kulikuwa maili 20 hivi dhidi ya upepo. Upepo wa kiangazi wa huko huitwa *meltem*, hutoka kaskazini-magharibi, huanza kama mzaha kabla ya adhuhuri na kufikia alasiri umekwisha kuijaza bahari povu. Wagiriki wa kale waliuita kwa jina lenye maana ya upepo wa kila mwaka, nasi kutokana na Kiarabu tuna msimu. Inaelekea mabaharia wote huipa pepo kalenda. Ila kusi na kaskazi zetu hushika zamu kwa miezi, wakati *meltem* hulala usiku kama mtu.

Basi tukabisha. Mnalijua neno hili: kubisha ni kukataa usemi wa mtu, na kubisha ni kukipeleka chombo upande huu na upande ule kikimpanda upepo mgongoni polepole. Mwanangu alishika usukani, nahodha akakaa karibu naye akiwa amekunja mikono, nami na mtoto tukawa kwenye kamba. Amri zilikuwa za Kiingereza, na mara ya kwanza na ya pili zilifaa. Mara ya tatu wimbi kubwa lilituinua ubavuni, chombo kikageuka kasi kuliko tulivyotazamia, tanga la mbele likaanza kupigapiga kama linataka kuchanika. Nikasikia sauti ya mwanangu, sauti ya zamani, ya kijana niliyempandisha mashua ya mjomba akiwa na miaka tisa:

"Achia demani!"

Mtoto akaiachia. Iliyostahili, na kwa wakati wake. Tanga likavuka, mimi nikavuta upande wa pili, chombo kikatulia. Hakuna aliyesema kitu kwa kuwa kulikuwa na mbishano mwingine mbele, kisha mwingine, na kwa jumla tulibisha mara kumi na moja kabla ya kuiona ngome. Amri zote zilizobaki zilikuwa za Kiswahili, nyingine zenye kasoro za ngeli ambazo darasani ningezitilia alama nyekundu. Nahodha aliniuliza kwa ishara ni lugha gani. Mtoto akamjibu mwenyewe.

Sasa nina haja nanyi, hasa ndugu wa Lamu, Pemba, Mafia na Kilwa. Mjukuu wangu ameyaandika maneno yote katika simu yake na amebakiwa na nafasi moja tupu. Tanga la vyombo vyao, chini yake, lina mti mrefu uliolazwa, umeshikamana na mlingoti upande mmoja na hucheza huku na huku. Si foromali, maana foromali hubeba tanga kwa juu. Si dasturi, maana dasturi huchomoza omoni. Mashua zetu hazina mti huo, na mjomba hakuniachia jina lake. Kama kuna fundi au baharia kwenu aliyeupa jina, nitumieni kabla ya Desemba, kwani wanakuja Pangani wote watatu na ameniahidi kuniuliza.