Mbingu Kando ya Njia

Wahenga walinena kwamba kizuri kula na nduguyo. Wengi huukumbuka usemi huo wakati wa chakula. John Dobson aliutimiza kwa nyota.

Bwana huyo alizaliwa Beijing, Uchina, mwaka 1915, akahamia San Francisco, Marekani, angali mtoto. Alisomea kemia, kisha mwaka 1944 akaingia katika nyumba ya watawa wa Vedanta, wafuasi wa mafundisho ya Kihindu. Mtawa hana mshahara, wala darubini si kitu cha bei nafuu. Basi aliamua kujitengenezea. Alitwaa vioo vinene vya madirisha ya meli, akavisugua kimoja juu ya kingine kwa mchanga na maji, hata cha juu kikabonyea taratibu na kupata umbo la kukusanya nuru. Bomba lilikuwa la karatasi ngumu, na kitako cha mbao za kawaida.

Usiku aliisukuma darubini yake mitaani ili majirani na watoto wao watazame. Mapenzi hayo yalimgharimu makao. Mwaka 1967, baada ya utawa wa zaidi ya miaka 20, alitakiwa aondoke.

Mtu mwingine angalivunja darubini na kuilaani siku aliyoanza kuiunda. Dobson hakufanya hivyo. Mwaka 1968 yeye na vijana wawili waliunda klabu ya watazama nyota wa kando ya njia. Kazi yao ilikuwa kuweka darubini mahali wapitapo watu na kumkaribisha kila mpita njia, tajiri kwa maskini, bila kumtoza hata senti. Mtu aliyekuwa akiwahi nyumbani alisimama, akainama, akaona mashimo ya Mwezi na pete za Zohali kwa macho yake mwenyewe.

Kitako alichokibuni, chepesi kuunda na kugeuza, hakukitafutia utajiri. Ndiyo sababu kimeigwa na mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi, nacho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Dobson alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 98.

Mzazi anayeulizwa na mwanawe usiku kuhusu nyota asimwambie kuwa elimu hiyo ni ya wenye fedha. Atoke naye uani, watazame pamoja.