Sita ni Tano na Moja

Daftari lenyewe lina jalada la manjano na karatasi zisizolowa, yale madaftari ya wanafunzi wa misitu ya kuandikia vipimo vya miti hata mvua ikinyesha. Kurasa za mwanzo ni misonobari mitupu: kimo, mzingo, umri. Katikati ya daftari miti inakoma. Zinaanza kurasa za vijisanduku vyenye mistari ndani, ramani ya visiwa vitano, chura aliyechorwa kwa kalamu ya risasi, na chini yake maneno niliyoyapigia mstari mara mbili: sauti ya chura, lakini chura mwenyewe yuko wapi?

Ilikuwa Januari 1998. Nilikuwa na miaka 23, nimetoka Masasi, nasoma misitu katika chuo kimoja mashariki mwa jimbo la Washington, kwenye vilima vya ngano wanavyoviita Palouse. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Tulikuwa wanne katika nyumba moja ya kupanga: mimi, dada mmoja wa Idaho, Mkenya wa Nakuru aliyesoma uhandisi, na kijana wa Pune, India, aliyesoma kompyuta. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa ya yule dada. Pembeni yake kulikuwa na kasha lenye sidii tano, na juu limeandikwa neno moja: Riven.

Dada wa Idaho alikuwa ameusubiri mchezo ule miaka minne. Mwaka 1993 ulitoka Myst, mchezo wa ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, na kampuni yao ya Cyan, nao uliuzwa kuliko mchezo mwingine wowote wa kompyuta, mpaka The Sims ilipokuja kuupita mwaka 2002. Riven ndiyo iliyokuwa muendelezo wake. Safari hii akina Miller walimwongeza Richard Vander Wende, msanii aliyekuwa amebuni mandhari ya filamu ya Aladdin pale Disney, na kazi ilionyesha mkono wake. Jambo ambalo wenzangu walilichukulia la kawaida, nami likanistaajabisha, ni kwamba watu hao walikuwa majirani zetu. Walifanyia kazi Mead, kaskazini kidogo mwa Spokane, kiasi cha saa moja na nusu kwa gari kutoka mlangoni petu. Dunia ile yote, bahari yake, miamba yake na wadudu wake, ilikuwa imetungwa jirani tu na mashamba ya ngano niliyoyaona dirishani.

Kisa chake nikieleze kwa ufupi. Mtu anayeitwa Atrus anakutuma kwenye dunia inayopasuka. Huko mke wake, Catherine, ni mateka, na baba yake, Gehn, amejifanya mungu. Unapewa kitabu cha mtego cha kumnasia huyo mzee. Vitabu katika hadithi hii ni milango: mtu huandika dunia kwa ustadi, kisha huweka kiganja juu ya ukurasa na kuingia ndani yake. Ukifika, unajikuta umefungiwa. Mlinzi anakuja, anakusemesha kwa lugha usiyoijua, anakunyang'anya kitabu; mara anachomwa mshale mdogo na kuanguka. Mtu mwingine aliyejifunika uso anakufungulia na kutoweka na kitabu. Kuanzia hapo hakuna wa kukueleza lolote. Hakuna orodha ya kazi, hakuna alama unazokusanya, hakuna saa inayokimbia.

Ugomvi wa nyumbani kwetu ulianzia hapo, na nimeukuta ule ule kwa watu niliokutana nao baadaye, kwenye treni, ofisini, hata arusini.

Kijana wa Pune alikuwa akicheza Quake II chumbani kwake, mchezo wa kukimbia na kupiga risasi uliotoka mwezi mmoja kabla. Kwake yeye Riven haikuwa mchezo. Alisema ni albamu ya picha yenye sauti ya mawimbi: unabofya, picha inabadilika, unabofya tena, picha nyingine. Ukivuka kwenda kisiwa kingine, kwa kile kigari kinachoruka juu ya bahari, kompyuta inasimama na kudai sidii ya tatu, au ya tano. Hapo sikuweza kumpinga. Nakumbuka jioni moja Mkenya wetu alikuwa anapika chapati, akaombwa aje kubadilisha sidii kwa sababu sisi tulikuwa tumejifunika blanketi, na kidole gumba chake chenye mafuta kikabaki juu ya ile ya nne. Kigari kilisimama katikati ya hewa. Tulikaa robo saa tukiifuta sidii kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha miwani, tukiiinua kwenye taa kila mara, na kijana wa Pune akisema, haya, mchezo gani huu.

Lalamiko la dada wa Idaho lilikuwa jingine, na zito zaidi. Alimwomba kaka yake aliyekuwa Boise, aliyekwisha kuumaliza, amtajie namba za kufungulia yale makuba ya dhahabu yanayozunguka. Kaka akamsomea kwa simu. Kuba likakataa. Akarudia mara nne. Watengenezaji walikuwa wamehakikisha kwamba namba zile hubadilika kila mtu anapoanza mchezo upya, kwa hiyo namba za kaka zilikuwa za dunia ya kaka. Dada alikasirika kweli. Myst, alisema, ilikuwa na dunia kadhaa ndogo, kila moja na ladha yake, na ukikwama unamuuliza jirani. Hii ni dunia moja kubwa iliyokufungia mlango, na jirani hana ufunguo.

Mimi nilikuwa sijawahi kucheza mchezo wa kompyuta hata mmoja. Kukaa katika nchi ambayo watu wanakupita wakisema usichokielewa, ukasoma vibao, ukatazama mikono ya watu, ukakisia, ukakosea, ukakisia tena, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kutwa tangu nishuke kwenye ndege. Kwa hiyo waliposema mchezo hausemi, mimi nilisikia unasema. Unasema kama nchi ngeni inavyomsemesha mgeni.

Ushahidi wangu ulikuwa katika darasa la mle mchezoni.

Darasa lile hulifikii kwa miguu. Unapanda chombo cha duara kinachopita chini ya ziwa, unatokea kwenye chumba chenye madawati madogo ya watoto. Pembeni kuna kitu cha kuchezea: mtu mdogo ananing'inia kwenye mnyororo, na chini yake mnyama mkubwa wa baharini, wanaomwita wahrk, amesimama kinywa wazi. Unakivuta kishikio. Chini inatokea alama ndani ya kijisanduku, na mtu mdogo anashuka, kat, kat, kat. Unahesabu hatua, unaangalia alama. Unavuta tena. Mtu anazidi kushuka mpaka anafika kinywani.

Moja ni mstari uliosimama. Mbili ni upinde. Tatu ni pembe. Nne ina umbo lake. Tano ni ule mstari wa moja, umelazwa. Nilizichora zote kwenye daftari la misonobari. Kisha ikaja alama yenye mstari uliosimama na mstari uliolala, imekuwa msalaba, na mtu mdogo akashuka hatua sita.

Nilicheka peke yangu, saa nane usiku. Bibi yangu mzaa mama ni Myao, na katika Kiyao cha bibi sita haina jina lake. Sita ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Msimu wa korosho tulikaa naye mkekani nje ya nyumba, tukizipanga tano tano, na mdomo wake ukienda hivyo hivyo, tano na moja, tano na mbili, kabla ya kufika kumi. Nilikulia kati ya hesabu hiyo na ile ya shuleni, na shuleni mwalimu alituambia ya bibi ni ya kizamani. Sasa niliiona katika skrini huko Washington, imechorwa kwa mistari miwili iliyopishana. Kitu kile cha kuchezea kinakomea kumi, lakini namba za makuba zinafika hadi 25. Wenzangu walidhani kuna kitu kingine kimefichwa mahali kinachofundisha zilizobaki. Hakikuwepo. Ukishajua kwamba tano ni moja iliyolazwa, utajua kumi ni mbili iliyolazwa, kumi na tano ni tatu iliyolazwa, na nyingine karibu zote utazijenga mwenyewe. Asubuhi niliwaandikia jedwali lote. Dada wa Idaho alilitazama muda mrefu, akaniuliza nimelipata katika kitabu gani.

Mkenya hakujali hesabu. Yeye alikitazama kile kitu cha kuchezea, akasema, "Ndugu yangu, angalia wanafundisha nini hapa. Mtoto ajifunze kuhesabu na kuogopa siku moja."

Tangu hapo akawa anacheza na sisi kila jioni, kwa sababu alikuwa amemtambua Gehn. Alimwita gavana. Gehn amejenga shule, na ndani yake picha yake inahutubia watoto. Anakata misitu ya kisiwa na kuichemsha iwe karatasi, ili aandike vitabu vyake vya kutorokea, kwa hiyo nchi inaisha na yeye anatafuta nyingine. Anayekaidi ananing'inizwa juu ya ziwa apate kuliwa. Na unapokutana naye hatimaye, uso kwa uso kati ya vyuma, ni mzee mwenye adabu, anavuta kiko, anakueleza kwamba amebadilika. Mwigizaji Mwingereza, John Keston, ndiye aliyemcheza, na sauti yake tamu ilitugawa kabisa. Kijana wa Pune, aliyekuja kuchukua chapati akabaki amesimama nyuma ya kochi, alisema tumpe nafasi. Mkenya alisema sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomwambia babu yake kwamba shamba atarudishiwa.

Nililo nalo mimi dhidi ya mchezo ule, na bado ninalo, linahusu kijiji. Nyumba za wenyeji ni za udongo, za mviringo, zimeshikamana na ukuta wa mwamba juu ya maji. Kila unapokaribia, watu wanaondoka. Msichana mdogo anakuona njiani msituni na kukimbia. Mama anamnyakua mtoto. Niligonga mlango mmoja. Kidirisha kikafunguliwa, jicho likatazama, kidirisha kikafungwa. Niligonga tena na tena. Hakuna namna ya kujifunza lugha yao. Namba tunajifunza, lakini namba zenyewe ni za Gehn, alizowaletea. Tunaokoa watu ambao hatujui hata kuwasalimia. Wale wanaosema upweke huo ndio uzuri wa Riven, na ni wengi, nadhani hawajawahi kuwa upande wa ndani wa kidirisha. Kijijini kwetu watafiti wageni walipopita, sisi watoto ndio tuliokuwa tukikimbia.

Fumbo la gololi sitalitetea. Lazima uweke gololi za rangi kwenye ubao wa mashimo 625, kila moja mahali pa kuba lake katika ramani, na rangi moja kati ya hizo uikisie kwa sababu taa yake imekufa. Kila unachohitaji kimeonyeshwa, ni kweli. Lakini ukikosea gololi moja, mtambo haukuambii ipi. Siku kumi na moja tulizipoteza pale. Dada wa Idaho alinunua kitabu cha majibu, tukagombana kama ni halali kukifungua, na mwisho nilisoma ukurasa mmoja. Tulikuwa tumekosea shimo moja.

Wanyama, kinyume chake, ni fumbo bora kuliko yote niliyowahi kuona. Visiwani kuna vidude vya mbao vya mviringo. Ukikizungusha kimoja kinatoa mlio, na nyuma kina namba. Mlio ule ni wa mnyama gani, lazima umsikie au umwone mwenyewe: wale wa ufukweni wanaotumbukia majini ukiwashtua, mbawakawa, yule wahrk. Chura tulimtafuta wiki nzima. Mlio wake niliutambua siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyelala karibu na bonde la mpunga haulizwi mlio wa chura. Kilichonichelewesha ni kumwona kwa macho na kuandika jina. Ukiwagusa wanyama watano kwa mpangilio kati ya mawe 25, unafunguliwa njia kwenda kwa waasi wanaompinga Gehn. Kule mwanamke mmoja anakuja, anakurudishia kitabu chako, anasema maneno machache kwa lugha yao, taratibu, kana kwamba anatumaini safari hii utaelewa. Dada wa Idaho, aliyekuwa akilalamika tangu Januari, aliomba turudie kumsikiliza.

Mara ya kwanza tulimaliza vibaya. Tulifungua ufa wa ardhi kabla ya kumnasa Gehn. Atrus akaja akiamini kazi imekwisha, akauawa mbele yetu. Sebule nzima ikanyamaza, na Mkenya akazima jiko. Mwezi Aprili tulirudi tukafanya inavyopasa. Unashuka kwenye ufa, unaanguka kati ya nyota, kisiwa kinabaki juu kinameguka. Kijana wa Pune alikaa sakafuni mpaka majina ya mwisho yakapita.

Mwaka 2024 Cyan waliutengeneza upya. Safari hii hakuna picha kwa picha. Unatembea popote unapotaka, na mafumbo kadhaa wameyabadilisha. Mtoto wa kaka yangu anaucheza hapa Morogoro, kwenye kompyuta yake ya mapajani, umeme ukiwepo. Nilimtolea daftari la manjano nikidhani litamsaidia. Halikumsaidia mengi. Aliligeuza kurasa, akapita misonobari, akafika kwenye ukurasa ambao pembeni ya vijisanduku nilikuwa nimeandika hesabu ya bibi kwa Kiyao, moja hadi kumi, kwa herufi ndogo.

"Shangazi, hii nayo ni ya kwenye mchezo?"

Nikamwambia hapana, hiyo ni ya bibi yako wa Masasi. Akausimamisha mchezo, akavuta kiti.

"Nisomee."