Msimu wa Waitaliano, kama Muyeye inavyoukumbuka

Alfajiri ya Desemba, miaka ya 1980 na 1990, vijia vya mtaa wa Muyeye, Malindi, vilijaa watu kabla jua halijachomoza. Wapishi, madobi, watunza bustani, askari waliokwenda kuwapokea zamu wenzao wa usiku, wote walielekea upande mmoja, kwenye majumba ya makuti yaliyopangana kando ya barabara ya Casuarina, chini ya mivinje. Wachache walikuwa na baiskeli, wengi walikwenda kwa miguu. Mtoto wa Muyeye alijua msimu umeingia hata kabla hajamwona mzungu: sukari ilianza kuletwa nyumbani kwa kilo, na madeni ya dukani yalifutwa kwa siku moja.

Malindi ilikuwa imezoea wageni wa kustarehe kabla ya Waitaliano. Waingereza waliokuwa na mashamba bara walishuka pwani kupumzika tangu miaka ya 1930, wakajengewa hoteli za kwanza mbele ya bahari, na wengine wakastaafia hapo hapo. Ernest Hemingway alikuja mwaka 1934 kuvua samaki wakubwa, na hadi leo sulisuli wa Malindi anawaleta wavuvi wa mashindano kutoka mbali.

Waitaliano walikuja kwa sababu nyingine kabisa. Profesa Luigi Broglio wa Roma alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia roketi, akapapata Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako majukwaa ya chuma yalisimamishwa baharini. Setilaiti ya San Marco 2 iliondoka hapo mwezi Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, hapo hapo ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kurusha roketi kulikoma 1988, lakini mafundi na wahandisi walikuwa wameshaonja mapumziko ya Malindi, wakarudi kwao na habari. Ndugu zao wakaja, na rafiki za ndugu zao, mpaka ndege za kukodi kutoka Milano na Roma zikawa zinatua Mombasa, na mabasi yakiwaleta watalii kilomita 120 hivi kuja kaskazini. Hadi daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, mabasi hayo yalipanga foleni kusubiri feri.

Waliopapenda walijenga, na jumba la Mtaliano lilianza kwa fundi wa kuezeka. Boriti za mikoko zilifungwa kwa kamba, kisha mafundi wa Kigiriama wakapanda na makuti, safu juu ya safu, paa likainuka kama kilima na chini yake pakawa na baridi hata saa nane mchana. Paa hilo ndilo lililopigwa picha na kupelekwa Ulaya. Majina ya waliolisuka hayakuandikwa popote, na hilo ni pengo kubwa katika historia ya mji huu.

Mjomba wa mwandishi wa makala haya alikuwa mpishi katika moja ya majumba hayo. Aliingia kama kijana wa kuosha vyombo, mama mwenye nyumba akamfundisha kukanda unga, kuuacha uumuke, kuusukuma kwa kiganja. Nyumbani alikuwa amezoea tambi za sukari na iliki zinazopikwa mwezi wa Ramadhani, laini kabisa. Sasa alitakiwa azitoe motoni zikiwa bado na ugumu katikati. Baada ya miaka michache wageni wa jumba hilo walimwita mezani kumpigia makofi, naye aliwajibu kwa Kiitaliano alichokiokota jikoni. Vijana wa ufukweni, wale wanaoitwa mabichi boi, walikijua zaidi yake. Wengi wao hawakumaliza shule ya msingi, lakini walibishana bei ya kinyago na mzee wa Torino mpaka wote wawili wakaangua kicheko.

Starehe yenyewe, hata hivyo, haikuwa ya Muyeye. Bwawa la kuogelea lilijulikana kwa kusafishwa. Kasino ya barabara ya Lamu ilijulikana kwa taa zake. Ufuo ni mali ya umma, lakini familia ya mtaani iliyoketi karibu na viti vya hoteli iliulizwa maswali na askari, ambaye mara nyingine alikuwa jirani yao. Na ajira nyingi zilikuwa za msimu: masika yakianza na nyumba zikifungwa, mshahara nao ulifungwa hadi kaskazi irudi. Wapo matajiri waliolipa mwaka mzima na kusomesha watoto wa wapishi wao, na Muyeye inawakumbuka kwa wema. Lakini mtaa mzima hauwezi kuegemea hisani ya mtu mmoja mmoja.

Kisha misimu ikaanza kufa. Ghasia za Likoni za 1997 zilikuwa mbali, lakini watalii hawakutofautisha kusini na kaskazini. Mwaka 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa, ikafuata vurugu baada ya uchaguzi wa 2007, utekaji wa wageni Lamu 2011, na mashambulizi ya Westgate 2013 na Mpeketoni 2014. Ulaya nayo ilibanwa na uchumi. Katiba ya 2010 iliweka kwamba asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na wenye majumba wakaanza kuulizana kwa wasiwasi. Mwanzoni mwa 2020 korona iliipiga Italia vibaya kabla haijabisha hodi kwetu. Mjomba, aliyekuwa ameshastaafu, aliwapigia simu waajiri wake wa zamani kuwauliza kama wako hai.

Hata bahari haikubaki pale pale. Mto Sabaki umemwaga mchanga mwingi katika ghuba ya Malindi, hivi kwamba baadhi ya hoteli zilizojengwa zikitazama mawimbi sasa zinatazama vilima vya mchanga.

Waitaliano hawajaisha. Wazee wa pensheni wanaishi mwaka mzima, wanakwenda sokoni wenyewe na kujadiliana bei ya pweza kwa Kiswahili. Lakini Desemba ya sasa ni ya Wakenya wa bara, wanaofika kwa ndege ndogo kutoka Nairobi au kwa treni hadi Mombasa halafu matatu. Jumapili jioni ufuo hujaa watu wa mtaani: kina mama wameketi na watoto, viazi karai na maembe ya pilipili yanauzwa, vijana wanacheza mpira hadi maji yapande.

Watoto wa wale wapishi, kwa upande wao, wamevuka bahari. Wapo wanaohudumu mezani Doha na Dubai, kwa adabu zile zile zilizofundishwa Casuarina. Waliobahatika kupata ofu siku ya Ijumaa huitumia kutembea Corniche ya Doha, kando ya maji ambayo hawalipii kuyatazama. Wasichana wa kazi za nyumbani Saudia wengi husema hawapati hata siku hiyo moja, na wazazi wao Muyeye husubiri simu zao kwa hofu.

Pesa za huko hurudi kwa simu na kugeuka mawe na mabati. Binamu wa mwandishi amejenga kwa njia hiyo vyumba vitatu nyuma ya nyumba ya mjomba, na Desemba iliyopita alivipangisha kwa familia kutoka Nakuru. Waliuliza kama kuna mpishi. Mjomba aliuwasha moto mwenyewe, akaagiza unga kilo mbili, na akamweka mjukuu wake pembeni amtazame anavyoukanda.