Pofu mmoja, karatasi moja: na wazee wa Shinyanga hadi pori la Ushirombo

Ukitaka kumchokoza mzee wa Shinyanga, mwambie mkoa wake ni ng'ombe, pamba na vumbi basi. Atakuacha umalize. Kisha ataanza kukuhesabia kwa vidole: swala pala, nyamera, kongoni, tohe, korongo, palahala, pofu. Vidole vitamwishia na atahamia vya kwako. Sisi watoto wa Ngokolo na Kambarage wanyama tunaowajua ni wa kwenye noti: simba wa elfu mbili, kifaru wa elfu tano na tembo wa elfu kumi, tena huyo wa mwisho huwa hakai mfukoni.

Mjomba wangu ni mmoja wa wazee hao. Yeye na wenzake watatu walikuwa na msimu mmoja wa kuwinda, wa mwaka 1996, ambao ukiutaja kijiweni hadi leo kahawa inapoa bila mtu kuinywa. Mjomba alikuwa dereva. Wa pili mwalimu wa hesabu, wa tatu fundi redio, wa nne alikuwa na bucha sokoni, Mwislamu safi wa swala tano. Mkumbuke huyo wa bucha, ana kazi yake huko mbele.

Mwezi wa nane uliopita wazee wakapata hamu ya kwenda kuona walipopiga kambi. Wamebaki watatu, fundi redio alishatangulia mbele ya haki. Gari la kuazima likapatikana, pikapu yenye kiti cha nyuma, na kwa kuwa wazee hawawezi kusukuma gari likikwama, tukachukuliwa vijana watatu: mimi, mshikaji wangu fundi simu, na mwingine ambaye kazi yake hata yeye haijui vizuri. Bi mkubwa akatufungia michembe na karanga, safari ikaanza.

Tinde, Isaka, Kahama. Lami tupu, unalala unaamka. Mwaka 1996, anasema mjomba, njia hii ilikuwa vumbi, na walitumia siku nzima na nusu na Land Rover ya kukodi iliyokuwa inakunywa maji kuliko petroli. Karibu na Kahama tukaupita Buzwagi, mgodi uliofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mwalimu akatazama kile kilima cha mawe akasema, "Hapa tulikuwa tunasimama kuchimba dawa." Sisi nyuma tukacheka ile mbaya. Wachimba dawa wakaja wachimba dhahabu, wote wameondoka.

Kabla hatujafika porini, ngoja niwaeleze vijana wenzangu kitu ambacho mimi nilikuwa sikijui. Nilidhani kuwinda ni kuwa na bunduki na roho ngumu. Kumbe, bwana, ilianza na foleni! Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974, mwananchi aliweza kukata leseni wilayani, kwa yule afisa ambaye wazee wote wanamwita Bwana Nyama. Msimu ulianza Julai ukaisha Desemba, masika ikaachiwa wanyama wenyewe. Karatasi ilitaja mnyama gani, wangapi, eneo gani. Usiku marufuku. Kupiga ukiwa ndani ya gari marufuku. Jike na mtoto wake marufuku. Twiga usimtaje hata kwa utani, yule ni mnyama wa taifa.

Karatasi yao ilisema swala pala wawili, nyamera mmoja, pofu mmoja. Eneo ni pori la wazi kusini ya Ushirombo, nje ya mpaka wa Pori la Akiba la Kigosi, ambalo lilitengwa mwaka 1983. Wakati huo Bukombe yote ilikuwa mkoa wa Shinyanga, ilihamia Geita mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo wazee wanapokwambia "tuliwinda kwetu Shinyanga" hawadanganyi, ni ramani iliyohama.

Kijijini waliomba mtu wa kuwaongoza. Wakapewa mzee mmoja wa Kisumbwa, mfupi, mkimya, anayetembea na kifuko cha majivu kiunoni. Akifika mahali anakitikisa kidogo, anaangalia majivu yanaelekea wapi, kisha anageuza watu wote. Upepo ukikutoka mgongoni, harufu yako inafika kwa mnyama kabla yako. Usukumani kazi hii ilikuwa na vyama vyake kabisa: Bayege walikuwa wawindaji wa tembo, Banunguli walikuwa wa nungunungu, kila chama na dawa zake, nyimbo zake na ngoma yake. Mwalimu anasema yule mzee alikuwa akiimba kwa sauti ya chini kila jioni kambini na hakuna aliyethubutu kumuuliza maana.

Siku mbili za kwanza walichopata ni mbung'o tu. Siku ya tatu nyamera akaanguka kwenye mbuga, ya nne swala wote wawili. Wangeweza kurudi nyumbani hapo na ingekuwa hadithi ya kawaida. Lakini pofu alikuwa bado.

Kwa asiyemjua, pofu ndiye swala mkubwa tulionao, yeye na ndugu yake wa Afrika Magharibi. Dume lililokomaa linaweza kufika kilo mia tisa, shingo imening'inia kama ng'ombe wa maonyesho, halafu ukimtisha anaruka mwenzake kimo chote kama mbuzi. Na ana kitu kimoja cha ajabu. Dume likitembea miguu ya mbele inalia, tak, tak, tak, kama mtu anayevunja vidole. Siku ya tano alfajiri, wakiwa wamejificha kwenye miyombo, walimsikia kabla ya kumwona. Mjomba akifika hapa hunyamaza, anagonga kucha kwenye kikombe: tak, tak. Tulikuwa tumesimama Masumbwe tukinywa chai, na nakuhakikishia meza nzima ilinyamaza, hata mama wa chapati.

Fundi redio ndiye aliyepiga. Pofu akashtuka, akakimbia. Sasa hapo sheria na heshima vinasema kitu kimoja: ukishamjeruhi, huyo ni wako, utamfuata hata kama ni hadi kesho. Walimfuata kwa matone ya damu zaidi ya saa mbili. Mzee wa majivu mbele, na nyuma yake mtu wa bucha, kisu mkononi, kanzu ameifunga kiunoni, anakimbia kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu mnyama akifa kabla ya kisu na Bismillahi, nusu ya mtaa wa Ngokolo haitakula! Suruali ya ndani ya kanzu ilichanika kwenye miiba kuanzia goti hadi pasipotajika, lakini aliwahi. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye meza ile anasikiliza, akasema tu, "Alikuwa bado anapumua, wallahi." Miaka yote hii anaona bado ana deni la kuthibitisha.

Mwalimu akatoa kalamu. Kila mnyama akianguka aliandikwa kwenye leseni siku hiyo hiyo, tarehe na mahali. Pofu mmoja. Karatasi imejaa.

Na kesho yake asubuhi, wakiwa wanafunga nyama iliyobanikwa usiku kucha, akatokea mwingine.

Mjomba anasema alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, alisimama mahali peupe, ubavu wote huu hapa, wala hakuwa na haraka. Bwana Nyama yuko Kahama. Askari hakuna. Gari lina nafasi. Fundi redio akainua bunduki, akalenga. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akatoa leseni mfukoni, akaikunjua taratibu, akaanza kuisoma kwa sauti kama anaita majina ya wanafunzi: "Swala pala, wawili, wamekuja. Nyamera, mmoja, amekuja. Pofu, mmoja..." Fundi redio akashusha bunduki huku anatukana. Hawakuongea na mwalimu hadi Kahama. Kwenye kizuizi gari likasimamishwa, nyama ikashushwa yote, ikahesabiwa kichwa kwa kichwa na karatasi. Askari akagonga ubavu wa gari: piteni. Fundi redio ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Mguu mmoja wa pofu walishauacha kijijini kwa mzee wa majivu na majirani zake. Uliobaki ulifika Ngokolo mchana kweupe, milango wazi, watoto wamepanga bakuli. Mama yangu alikuwa binti wakati huo, anaikumbuka harufu. Anasema ilikuwa kama ng'ombe lakini siyo ng'ombe.

Haya, turudi kwenye pikapu. Tulipofika Ushirombo tukashika njia ya vumbi kusini, wazee wamekaa mbele shingo zimetoka dirishani. Mahindi. Tumbaku. Makundi ya ng'ombe, wengi wa ndugu zetu waliotoka Shinyanga kutafuta malisho. Baiskeli za mkaa, gunia tatu tatu. Mjomba akasema simama hapa, kisha siyo, mbele kidogo, kisha rudi. Kambi hatukuiona. Palipodhaniwa kuwa kambi pana nyumba ya bati na paneli ya sola, mwenye nyumba alikuwa amezaliwa baada ya ule msimu. Alitupa maji ya kunywa. Mwalimu akamuuliza kama huwa anaona pofu, akajibu, "Pofu nani?"

Mshikaji wangu asiye na kazi akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa: si ni ninyi mliowamaliza? Mjomba hakukasirika. Alisema waliomaliza hawakuwa na karatasi, na pori liliondoka kabla ya wanyama. Mimi naona yote mawili yana ukweli wake, ila sikusema, gari ni la watu.

Tukapandia Katoro kuelekea Geita ili wazee waione dhahabu. Njiani kuna machimbo ya wadogo, jina nalihifadhi. Maduara, makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, vumbi jeupe kama unga, na biashara ya chakula ndiyo usiseme. Kijana mmoja akatusogelea sisi vijana, siyo wazee. Ana mfuko. Ndani nyama kavu, nyeusi. "Swala huyu, siyo ng'ombe. Bei ya kwenu." Fundi simu macho yakamtoka, maana kwa siku mbili alikuwa amelishwa hadithi ya pofu bila hata mnofu.

Mtu wa bucha ndiye aliyemvuta shati. Alimuuliza yule kijana swali moja tu: nani alimchinja? Kijana akaondoka.

Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye sheria, na nakushauri wewe unayependa "kuonja" ufanye hivyo. Sheria ya sasa ni ya mwaka 2009. Nyama ya porini ni nyara ya Serikali. Ukikutwa nayo bila kibali hawaulizi umeua wewe au umenunua. Kwenye mashtaka mnyama anapigiwa bei kwa dola: swala pala mmoja 390, nyumbu 650, pundamilia 1,200, nyati 1,900. Na mahakama zetu, hizi za kwetu Kanda ya Ziwa, zimefunga watu miaka 20 kwa nyama ambayo ingeisha kwenye sufuria moja. Miaka ishirini! Ukiingia na ndevu za kwanza unatoka una mvi.

Sitetei majangili. Lakini kuna jambo linanikera. Mgeni mwenye dola anakuja kwenye vitalu, anakaa hata siku 21, anaondoka na pembe za kutundika ukutani kwao, na nchi inapata fedha, sawa. Kijana wa Ushirombo aliyezaliwa kando ya pori anamjua mnyama kupitia kwa hakimu tu. Ile foleni ya Bwana Nyama iliwafanya dereva na fundi redio wawe na hisa kwenye pofu aliyebaki amesimama. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za maduka ya nyamapori, kwamba mwananchi anunue nyama halali kwa risiti. Ni jambo jema, ila bucha haimfundishi mtu kusoma upepo. Anayetaka kufuata njia halali aanzie TAWA, siyo kijiweni.

Jumapili, tukiwa tumerudi na migongo inauma, mjomba akatupeleka nje ya mji kwenye ngitili ya rafiki yake. Ngitili ni malisho ya Kisukuma yanayofungwa masika yasiguswe hadi kiangazi. Miaka ya ukoloni vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa maelfu ya hekta kuua mbung'o, pamba na ng'ombe vikamalizia, hadi mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuhimiza watu wafunge tena ngitili zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tulikaa chini ya mgunga, mjomba akaokota majivu ya jiko la wachunga ng'ombe akayapeperusha, akatuhamisha upande wa pili. Kama nusu saa hivi. Wakatoka digidigi wawili, dume na jike, maana hao hutembea na mwenzi wao siku zote, wadogo kiasi kwamba fundi simu alidhani ni sungura. Akatoa simu apige picha, ikalia.