Mlinzi wa Mkate

Mwaka ule mmoja wetu alikuwa hana kazi, na mwingine aliamka kila siku saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza. Jioni moja mtoto wetu, akisoma Biblia ya Kiingereza, akauliza: "Kama Bwana ni lord, na Baba ni bwana wa Mama, basi Baba naye ni lord?" Hakuna aliyecheka. Neno bwana lilikuwa limekwisha kuleta ugomvi wa kutosha ndani ya nyumba ile.

Tuliazima kamusi kubwa kwa mchungaji. Kumbe lord ni maneno mawili yaliyosagika pamoja yakawa moja. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, liliandikwa hlaford, na asili yake ni hlafweard: hlaf ni mkate, weard ni mlinzi. Mlinzi wa mkate! Lady nalo lilikuwa hlæfdige, mwenye kukanda mkate. Mtumishi wa nyumba aliitwa mla mkate. Hlaf yenyewe ina ndugu yake katika Kigothi, hlaifs, nalo ndilo neno alilolitumia askofu Wulfila, katika karne ya 4, alipotafsiri mkate wa Sala ya Bwana.

Lakini lililotushika zaidi ni hili. Waingereza wa kale walipomtaja Bwana Mungu, kwa kawaida walisema Drihten, neno la mkuu wa kikosi cha wapiganaji. Baadaye neno hilo likafa. Lililobaki kanisani mpaka leo ni lile la mtu wa mkate.

Aliyekosa kazi alikuwa amedhani kwamba ubwana wake uliondoka pamoja na mshahara, na kwa hiyo alizidisha ukali ili usisahaulike. Usiku ule alikiri, kwa shida, kwamba miezi yote ile mlinzi wa mkate alikuwa amelala huku mkandaji akihangaika peke yake. Mkandaji naye alikiri kwamba amekuwa akihesabu pesa za maandazi kwa sauti, makusudi.

Kesho yake saa kumi tulikuwa jikoni wote wawili. Mwanafunzi alitia maji machache, maandazi yakawa magumu kama kokoto. Tuliyauza hivyo hivyo, kwa bei ya chini.